Haki za mwanamke katika ndoa ya kimila: namna ya kuzilinda Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria

Mwanamke aliyetolewa mahari mbele ya wazee wa pande mbili, akasindikizwa kwa mumewe na kuanza maisha, ameolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ile iliyofungwa kanisani, msikitini au mbele ya msajili wa serikali, na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumwambia mama wa Ukerewe, Sengerema, Magu au Kwimba kwamba ndoa yake ni ya daraja la chini kwa sababu haikuandikwa popote. Kinachowaangusha wengi mahakamani ni kukosa ushahidi wa kuisimamisha haki ambayo tayari wanayo, na ushahidi huo hukusanywa vizuri zaidi wakati mashahidi wangali hai na nyumba ina amani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kazi za wakati wa amani, kisha unaingia kwenye msiba, kuvunjika kwa ndoa na malezi ya watoto.

Anza kwa kuithibitisha ndoa yenyewe

Sheria inawataka wanandoa wa kimila waombe kuandikishwa kwa msajili wa ndoa ndani ya siku 30 tangu ndoa ifungwe. Wengi hawafanyi hivyo, wala hawajawahi kuambiwa. Ikiwa muda huo ulipita zamani, usikate tamaa, kwa maana sheria hiyo hiyo inasema kwamba kutoandikishwa hakuibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Vilevile inasema kuwa kutokamilika kwa taratibu za mahari hakuifuti ndoa, jambo linalopaswa kujulikana sana katika eneo letu, ambako mwanamke huweza kuishi miaka mingi akikumbushwa kwamba ng'ombe wawili au watatu bado hawajafika kwa baba yake.

Unachopaswa kufanya ni kuandika. Chukua daftari, uandike tarehe au walau mwaka na msimu ambao mahari ilitolewa, idadi ya ng'ombe na fedha, majina ya waliotoa na waliopokea, jina la mshenga, na kitongoji ambako sherehe ilifanyika. Waombe mshenga na mzee mmoja wa kila upande waweke saini au dole gumba, na ukiweza mshirikishe mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji naye aweke mhuri wake. Wazee hawa wasichukuliwe kuwa maadui wa haki za mwanamke. Hao hao wanaosimamia mila ndio mashahidi wenye uzito kuliko wote juu ya kilichofanyika, na wengi wao husema kweli wakiulizwa mapema, kabla ugomvi haujawalazimisha kuchagua upande. Daftari hilo liambatane na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili, kadi za kliniki, kadi ya bima inayokutaja kama mwenza, na picha za siku ya sherehe kama zipo. Nakala moja ikae nje ya nyumba yako, kwa ndugu unayemwamini.

Wako pia wanaoishi pamoja bila mahari wala sherehe yoyote, na hali hii ni ya kawaida katika mialo, yaani fukwe zinakotia mitumbwi ya uvuvi, na katika visiwa ambako watu hufuata uvuvi kutoka kila mahali. Kwa hao, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawaona kuwa mume na mke, sheria inawachukulia kuwa wameoana hadi upande mwingine uthibitishe vinginevyo. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa, kwa mfano ikionekana kwamba mwanamume alikuwa tayari amefungwa na ndoa ya mke mmoja. Hata ikivunjwa, mwanamke bado anaruhusiwa kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto pamoja na nafuu nyingine, kwa hiyo asikubali kufukuzwa kwa neno moja kwamba hakuwahi kuwa mke. Majirani, mwenye nyumba mliyopanga na mjumbe wa eneo ndio wanaothibitisha kwamba mlijulikana kama mume na mke.

Mali iliyochumwa pamoja, na namna ya kuionyesha

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na tangu hapo imekuwa sheria kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kupika, kulea, kuteka maji na kutunza mji ni jasho linalohesabiwa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo na desturi za jamii husika. Baada ya kuyapima hayo, mahakama inaelekezwa ielemee kwenye usawa. Hata hivyo, kuelemea kwenye usawa hakumaanishi kwamba kila mmoja hupata nusu. Hakimu hugawa kulingana na kilichothibitishwa mbele yake, na mwanamke anayesema tu kwamba walichuma pamoja, bila kueleza nini kilinunuliwa lini na kwa fedha ipi, huondoka na kidogo kuliko alichostahili.

Kwa sababu hiyo, kila aina ya mali ya huku kwetu ina mahali pake pa kutafutia ushahidi. Mtumbwi, injini na nyavu huwa na leseni au huandikwa katika kumbukumbu za BMU, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi katika mwalo husika, na mara nyingi jina lililoandikwa ni la mume peke yake. Kama fedha za injini zilitokana na dagaa ulizoanika na kuuza wewe, au na mkopo wa kikundi chako cha akina mama, tunza kitabu cha kikundi kinachoonyesha tarehe ya mkopo na marejesho, kwa maana tarehe mbili zinazokaribiana, ya mkopo na ya ununuzi, huzungumza vizuri mbele ya hakimu. Pamba inayouzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika huacha stakabadhi. Ng'ombe hawana hati, lakini wana alama, wana watu waliouza na walionunua, na wana vibali vya kusafirishia vinavyotolewa mnadani. Jaruba la mpunga na shamba la mihogo vina mipaka inayojulikana kwa majirani, na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya kijiji ni kielelezo kizuri, kwa hiyo kila mnaponunua eneo, omba jina lako liandikwe pamoja na la mume kama wanunuzi, wala si kama shahidi. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi imewagharimu wanawake wengi: aliyetia saini kama shahidi wa ununuzi huonekana kuwa alikuwepo tu wakati mwenzake ananunua.

Ardhi ya kijiji inahitaji maelezo zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanamume, na kifungu chake cha 20 kinaifanya kuwa batili desturi yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kijiji chenu kinapofikia hatua ya kupima maeneo na kutoa hati za hakimiliki za kimila, nenda mwenyewe kwenye mkutano, siku ya kuhakiki mipaka uwepo shambani, na useme wazi kwamba hati iandikwe kwa majina ya mume na mke. Halmashauri ya kijiji haina sababu ya kisheria ya kukataa. Mume akisita, mweleze kwamba hati ya pamoja inamlinda yeye pia dhidi ya ndugu wanaoweza kudai shamba baada ya kifo chake. Hoja hii mara nyingi huingia kuliko ile ya haki.

Nyumba mnayoishi ina ulinzi wa pekee. Kwa mujibu wa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, mwenza mmoja haruhusiwi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukisikia kwamba nyumba inatafutiwa mnunuzi, usingoje. Kwa nyumba yenye hati katika Jiji la Mwanza au Ilemela, weka zuio katika ofisi ya msajili wa hati. Kwa nyumba ya kijijini, andika barua kwa halmashauri ya kijiji ukieleza kwamba hujaridhia mauzo, upewe nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kisha mjulishe mnunuzi mbele ya shahidi. Mnunuzi aliyekwisha kujulishwa hawezi baadaye kujitetea kwamba hakujua kuwa nyumba ina mke.

Kuhusu mke wa pili, ndoa ya kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, kwa hiyo mke wa kwanza hawezi kuizuia ndoa mpya kwa sababu tu hapendi. Anaweza kuwasilisha pingamizi ikiwa hali ya kipato cha mume ni ya namna ambayo mke mwingine ataiingiza nyumba ya kwanza katika dhiki. Ikiwa ndoa hiyo imeshapita, orodhesha mara moja mali zilizokuwepo siku mwenzako alipoingia, kwa maana miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka ni ng'ombe wepi walikuwepo kabla yake, na orodha hiyo inawalinda wanawake wote wawili.

Mume anapofariki

Hapa ndipo mila na Katiba zinagongana kwa nguvu zaidi. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika sheria za mila za mirathi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, linasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Linamweka binti nyuma ya watoto wa kiume, na linamruhusu kuitumia ardhi ya ukoo bila kuiuza.

Kanuni hizo zimepingwa, na moja ya hukumu kubwa kuliko zote juu ya suala hili ilitolewa hapa Mwanza. Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali, na mwaka 1988 akaliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri akisema mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikamkatalia, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akaamua kwamba ubaguzi huo ni kinyume cha Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume. Ukiambiwa na mzee yeyote kwamba binti hauzi ardhi, itaje hukumu hiyo kwa jina.

Njia ya wajane haijanyooka kiasi hicho. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, mafundi cherehani waliofukuzwa pamoja na watoto wao kwenye nyumba walizoishi na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua lakini ikakataa kuzifuta; rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Walifika mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa Tanzania ilivunja haki zao. Mjane wa leo anafaidika na hoja walizozijenga, lakini asitegemee kwamba hakimu atazileta mwenyewe. Afanye yafuatayo.

Kwanza, apate kibali cha mazishi na baadaye cheti cha kifo mapema, na cheti chenyewe kikae mikononi mwake, kwa sababu anayeshika cheti ndiye anayeanza kufungua mirathi. Pili, ahudhurie kikao cha ukoo, aseme anachotaka, na akatae kusaini muhtasari asiousoma au usiotaja watoto wote. Kikao hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na mjane anaweza kuomba yeye mwenyewe au pamoja na ndugu wa marehemu. Ombi la mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu, kwa hiyo mume aliyekuwa na makazi yake Nyamagana mirathi yake isihamishiwe kijijini kwa babu yake kwa sababu tu amezikwa huko.

Tatu, na hili ndilo ningependa kila mjane alisikie, aieleze mahakama tangu mwanzo ni mali zipi alizichuma pamoja na marehemu. Mali yake mwenyewe na jasho lake si sehemu ya kile marehemu alichoacha, na ndugu hawawezi kurithi kwa marehemu kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Orodha ile ya wakati wa amani ndiyo inayofanya kazi hapa.

Nne, aangalie ni sheria gani itatumika. Ikiwa marehemu aliishi maisha ya Kiislamu, mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, palipo na watoto, au robo wasipokuwepo. Ikiwa maisha yake yalikuwa yameachana na mila, kwa mfano alifunga ndoa ya Kikristo na kuishi mbali na taratibu za ukoo, mahakama inaweza kutumia sheria ya urithi ya mwaka 1865 iliyotoka India, ambayo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Tofauti kati ya theluthi na sifuri inatosha kumfanya mjane atafute ushauri kabla ya kukubali kwamba hili ni jambo la mila.

Msimamizi yeyote akiteuliwa, awe shemeji au mtoto mkubwa, anadaiwa na mahakama orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Asipoileta, mjane aandike barua kwa hakimu akiomba aitwe, na akiwa mbadhirifu aombe uteuzi wake utenguliwe. Msimamizi si mmiliki.

Kuhusu mjane kurithiwa na ndugu wa mumewe, au kutakaswa kimila kwa kulazwa na mwanamume, kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinamwacha mjane huru kuishi popote apendapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Kwa aliyeolewa Kiislamu, baada ya eda. Anayemlazimisha kulala na ndugu wa marehemu anatenda kosa la jinai, na mahali pa kumpeleka ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Mume aliye hai anaweza kuondoa sehemu kubwa ya tabu hii kwa wosia. Chini ya kanuni za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili kwa wawili, na wosia wa mdomo vilevile wanne. Mashahidi hao wawe wanaojua kusoma na kuandika pale wosia unapoandikwa, na wake waliopo nyumbani nao washuhudie.

Ndoa inapovunjika

Talaka haianzii mahakamani. Inaanzia katika baraza la usuluhishi la ndoa la kata anakoishi mume, au baraza la jumuiya ya dini mliyomo nyote. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayosema hivyo, na hati hiyo ndiyo inayoambatanishwa na maombi ya talaka. Mambo matatu huharibu mashauri hapa: hati iliyotolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri haipokelewi, barua ya mtendaji inayosema tu kwamba wahusika waende mahakamani haihesabiwi kuwa hati ya baraza, na baraza lililomsikiliza upande mmoja bila kumwita mwingine hutoa hati yenye shaka. Isome kabla hujaondoka. Wapo wanaosamehewa hatua hii, wakiwemo waliotelekezwa na hawajui mwenza aliko. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili, unahitaji kibali cha mahakama kwanza.

Shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Unapofungua, omba katika maombi hayo hayo mgawanyo wa mali, malezi ya watoto na matunzo, pamoja na matunzo ya muda wakati shauri linaendelea, maana hakimu hutoa kilichoombwa. Madai ya kurudisha ng'ombe wa mahari yasikuzuie: mahakama huvunja ndoa inapothibitika kwamba imeharibika kiasi cha kutotengenezeka, na haingoji mahari irudi zizini. Ikiwa kulikuwa na kipigo, kumbuka kwamba kifungu cha 66 kinamnyima mwenza yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama desturi inasema vinginevyo. Fomu ya polisi ya PF3 na kumbukumbu za zahanati ni ushahidi katika shauri la ndoa pia.

Watoto

Katika ukoo wa baba husemwa kwamba aliyelipa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Mahakama inatakiwa kuangalia maslahi ya mtoto kwanza, na sheria inachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa mtoto mkubwa husikilizwa na matakwa yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi aliyefariki, na hapo haijalishi kama mama aliolewa au la. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mahali pazuri pa kuanzia madai ya matunzo, kwa kuwa huita pande zote mbili bila gharama ya shauri na taarifa yake husomwa na hakimu.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo katika kata nyingi, na mjini Mwanza shirika la Kivulini limekuwa likiwasaidia wanawake tangu mwaka 1999. Waone kabla ya kikao cha ukoo au cha baraza, si baada ya kusaini. Na siku hukumu inaposomwa, usitoke katika viwanja vya mahakama bila kumuuliza karani mambo mawili: lini utapata nakala ya hukumu, na siku ya mwisho ya kukata rufaa ni ipi. Yaandike yote mawili katika lile daftari.